Paja Kabla ya Tonge

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
11 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni, upande ule wenye mwanga, na mjomba Theophil akiwa karibu ili naye apokee shikamoo yake. Nimeiandika kwa kalamu ya ubao nyuma ya kalenda ya mwaka jana, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na kondakta wa basi anayeileta nimemwomba asiikunje. Usicheke. Sababu utaiona mbele.

Mimi mzima. Bado nafundisha baiolojia palepale Ilala, na bado nakaa ghorofa ya pili kwa Bibi Lalita, Mhindi yule mjane niliyekusimulia. Sheria yake haijabadilika: nyama, samaki wala yai havipandi ngazi za nyumba hii. Joto ni kali. Kuanzia alfajiri mtaa umejaa wauza nguo na mikokoteni, nami huwa nasimama dirishani nikiwatazama watu wote hao na kujiuliza wanakwenda kula wapi, na pamoja na nani.

Sasa nililokuandikia. Beno alinipigia simu kutoka Songea. Amesema Januari madaktari wa macho walikuja hospitali ya misheni, ukapanga foleni, ukapimwa, na ukarudishwa nyumbani. Mwanao anasema mtoto wa jicho yumo macho yote mawili, lakini hawatamgusa mtu ambaye sukari yake inapanda hivyo, kwa sababu kidonda cha jicho hakitapona. Watarudi Mei, kisha Septemba. Wewe katika barua ya Krismasi uliandika kwamba macho yanakusumbua kidogo kwa ajili ya moshi.

Mshonaji asiyeona tundu la sindano hasumbuliwi kidogo, shangazi.

Sitalaumu. Nataka kukuambia jambo nililolisoma, ambalo limenishangaza kuliko mengi niliyofundishwa chuoni. Wanasema mtu akila chakula kilekile, kiasi kilekile, lakini akaanza na kuku na mboga za majani, akaacha ugali uje mwisho, sukari haipandi kwa kasi. Kuku akitangulia, tumbo linapunguza mwendo. Ugali ukifika unakuta njia imeshakuwa na mlinzi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikiwa nimeshika tumbo langu mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba: kuku na mboga kwanza, ugali baadaye, na uwe mdogo. Siku isiyo na kuku, yai au dagaa au maharage. Vidonge vyako endelea navyo kama walivyokuelekeza.

Mwanao,
Leticia


Mbinga
3 Machi 2024

Mwanangu Leticia,

Marahaba. Mjomba wako anaitikia pia, anasema goti ndilo linalomfanya asiitikie kwa kusimama. Mvua ni nzuri, mahindi yameshika. Kuku madoadoa ameangua, mwewe amechukua mmoja, wengine wanapiga kelele hapa miguuni ninapoandika. Ushonaji nimepunguza, watoto wa siku hizi wananunuliwa sare dukani. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Hakuna aliyenisomea.

Sasa hilo la kuku. Mimi nilidhani nimekulea.

Mtoto anayeanza na nyama tulimwitaje hapa nyumbani? Nilikufinya sikio kwa kosa hilo ukiwa huna hata meno ya mbele. Mtu aliyelelewa anakula ugali na mchuzi. Nyama inakaa pembeni inamtazama, naye anajifanya haioni, na hapo ndipo watu wanajua wanakula na mtu. Mwisho kabisa, wenzake wameshashiba, ndipo anaichukua. Wewe unaniambia nikae mbele ya wakwe zangu nianze na paja. Na kuku ni mboga, mwanangu. Kula mboga ikaisha ndipo uanze chakula ni kuvaa viatu kisha uvae soksi juu yake. Haya mmeyasoma Kariakoo?

Nimemwambia nesi wa kliniki nikitegemea tucheke wote. Hakucheka. Alisema ni sawa, nijaribu, ila nisiache ugali kabisa, kwa sababu vidonge nilivyonavyo vinaweza kuniangusha nikikaa bila chakula.

Kuhusu baba yako hukuandika kitu, na nimeona kwamba hukuandika. Kaka yangu aliondoka na sukari, najua, mguu wake niliuosha mimi mpaka siku ya mwisho. Tuyaache hayo.

Nitajaribu. Usiniandikie tena habari za sindano.

Shangazi yako,
Evarista


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
7 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Huku mvua imefunga barabara, na ofisi ya basi walikaa siku kadhaa hawapokei mizigo ya kusini. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini sitaisingizia mvua peke yake.

Mashine ya kupimia sukari niliinunua siku ileile niliyokuandikia barua ya kwanza. Nilitaka nijaribu mwilini mwangu kabla sijakusumbua zaidi wewe. Nikaiweka kwenye droo, na kila nikitaka kuchukua nguo nafungua droo nyingine. Mimi ni mtoto wa baba yangu. Umesema tuyaache, basi naishia hapo.

Aliyeitoa kwenye droo ni Bibi Lalita. Alikuja kuangalia dirisha linalovuja, akaikuta juu ya kitanda, akaitambua kwa sababu anayo kama hiyo. Ana sukari tangu mjukuu wake Neha hajazaliwa, na anajipima kila asubuhi kabla ya sala. Aliniuliza naogopa nini. Nikamweleza habari zako, habari za kuku, na kwamba nataka kujipima kabla na baada ya kula. Kuku ni kuku, na ngazi ni ngazi zake. Kisha akasema, "Kuku ule huko nje. Damu upime humu ndani."

Basi Jumamosi nilikwenda kwa Mudi, anayechoma kuku pembeni mwa Mtaa wa Mchikichi. Nilikula ulivyonifundisha: ugali na mchuzi kwanza, mchicha, kuku mwisho. Nikapanda ngazi. Ulipotimia muda, Bibi Lalita akanishika kidole mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nakirudisha nyuma kila sindano ikikaribia. Jumamosi iliyofuata nikarudi palepale, sahani ileile, robo kuku ileile, ugali nimemwomba Mudi aupime kwa bakuli lilelile. Safari hii nikaanza na kuku. Nikala mchicha. Ugali ukabaki peke yake kwenye sahani.

"Dada mwalimu," Mudi akasema, "huyo ugali amekukosea nini?"

Nikamwambia anasubiri zamu yake. Akawageukia wateja wengine akawatangazia kwamba kuku wake siku hizi anafanyiwa mtihani, na mwalimu amekuja kusimamia. Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami hakucheka. Alinitazama ninavyotafuna paja na ugali haujaguswa, akasogeza kigoda chake kidogo. Nikaona aibu, shangazi. Nikiwa katikati ya Kariakoo, hakuna anayenijua, masikio yakawa ya moto kana kwamba umenifinya.

Jumamosi ya kwanza mashine ilisoma nane na nusu. Ya pili, sita na kidogo.

Mimi sina sukari. Nimeliandika hilo haraka nisije nikalia. Lakini sicho kilichonishika. Nilikaa ngazini nikitazama tone la damu likikauka kwenye kidole. Chakula kilekile, mtu yuleyule. Kumbe ndani yangu kuna kitu kinachojua nani ametangulia kuingia. Hakijasoma, hakina macho, na bado kinapokea kila tonge kwa zamu na kufanya uamuzi. Wanafunzi wangu nimewachorea tumbo ubaoni miaka mitatu kama mfuko wenye mishale. Jumatatu nilisimama mbele ya mchoro ule nikashindwa kuanza kipindi.

Nakuomba, shangazi. Mei iko karibu.

Leticia


Mbinga
5 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumepokea barua, tumemshukuru Mungu kwa sita yako na nane yako. Mjomba wako aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo Mudi anauza robo kuku kwa mtu mmoja peke yake? Baridi imeanza. Kuku wako vizuri. Nisamehe mistari inapandana, meza imekuwa mbovu.

Nakula kuku kwanza kama ulivyosema. Jumapili zote, na siku wageni wakija. Siku nyingine maharage.

Msalimie Bibi Lalita. Mwambie nyumba yake ina sheria nzuri.

Evarista


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, Bibi Lalita mzima, anakusalimu na anauliza macho.

Nami nauliza macho. Barua yako haikuwa na meza mbovu. Herufi zako zimekuwa zikipandana tangu Machi, na neno "maharage" umeliandika mara mbili, moja juu ya jingine. Beno amenipigia. Mei walikuja, ukapimwa, ilikuwa kumi na sita, wakakurudisha tena. Wewe hujaniandikia. Nimesubiri mwezi mzima nikidhani unatafuta namna ya kuniambia, mpaka nimeelewa kwamba unatafuta namna ya kutoniambia.

Uliandika kwamba unakula kuku kwanza. Nimejipima tena na tena. Nimemwomba mwalimu mwenzangu naye apimwe, ikawa vilevile. Mwili haudanganyi. Kwa hiyo mmoja kati yetu anadanganya, na nimepima damu yangu.

Najua naandika vibaya. Nimeichana barua hii mara mbili, na kila ninapoanza upya inakuja hivihivi. Nilikuwa mdogo baba alipokuwa akisema "nafuata masharti" huku wewe unabeba beseni la kuoshea mguu. Sitaki kusoma tena "nafuata masharti" kwa mwandiko wako. Septemba wasipokukubali watarudi mwakani, na sijui mwakani kutakuwa kumebaki jicho gani la kuokoa.

Niambie ukweli ulivyo.

Leticia


Mbinga
7 Julai 2024

Leticia,

Marahaba.

Hapa tuko wazima. Baridi ni ya kuvaa makoti mawili. Mbuzi wa jirani amezaa. Nimeweka rula chini ya kila mstari ili nisipandishe, ndiyo maana nimechelewa. Kila siku naandika kidogo.

Barua yako iliniumiza, nikaiweka chini ya godoro, nikakaa nayo huko. Sasa nakujibu.

Uliniambia nianze na kuku. Nimeanza na kuku. Hukuuliza kuku gani.

Wewe umekula katika nyumba hii. Kuku akichinjwa, firigisi ya mjomba wako, hilo halina mjadala. Paja moja lake, jingine la mgeni. Vidari vinakatwa kwa wanaume na watoto. Vipapatio kwa vijana. Mpishi anabaki na chungu. Ndani ya chungu kuna shingo, kuna miguu, kuna mgongo ambao nyama yake unaitafuta kwa ulimi. Ndiye kuku wangu huyo. Mama yangu alikula huyo, na mama mkwe wangu alikula huyo, na sijawahi kuona vibaya, kwa sababu mwenye chungu ana mchuzi, na mchuzi na ugali mtu anashiba. Nikafuata masharti yako. Nikanyonya shingo kwanza kabla ya ugali, nikiwa peke yangu jikoni ili nisionekane. Halafu ugali, kwa sababu njaa ilikuwa bado ipo yote. Kumi na sita ikaja.

Sikukudanganya. Sikujua kama kuna kitu cha kusema.

Jicho la kushoto limebaki na mwanga tu, kama mtu ametundika shuka mlangoni. Kwa la kulia naipata karatasi hii nikiileta puani. Umetaka ukweli, basi huo.

Shangazi yako


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
21 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mtaa.

Tangu nipokee barua yako nimejaribu kukumbuka paja la kuku mkononi mwako. Nimeishi kwako tangu baba alipofariki mpaka nilipokwenda chuo. Naukumbuka mkono wako kwa kila kitu: unatia uzi, unapima kitambaa begani mwangu, unageuza ugali, unachota mchuzi kunipa mimi. Nakumbuka kidari mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa mtoto na kidari kilikuwa cha watoto. Nimepita Krismasi zote na Pasaka zote, nimekaa tena kwenye mkeka ule nikazunguka watu mmoja mmoja, na kila nikifika kwako sioni kitu. Naona umeshika mwiko.

Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha watoto kutazama.

Nimekuandikia kurasa za tumbo na damu na mlinzi mlangoni, na wewe ulikuwa unashiba mchuzi miaka yote hiyo, ukashona, ukalea watoto wako na mimi. Sijui mwili wako uliyapataje hayo yote kutoka kwenye shingo na miguu. Naufikiria kwa heshima ambayo sijui niiweke wapi. Nilikwenda kwa Mudi jana, akanipa sahani, nikashindwa kula nikasema nifungie nyama yote. Akaniuliza nampelekea nani. Sikuwa na wa kumpelekea karibu, nikampa mama anayeuza ndizi pembeni yake. Alianza na paja. Hakumtazama mtu.

Pamoja na barua hii naleta mashine yangu na vijiti vyake. Mjomba Theophil akusomee namba. Nimemwandikia karatasi yake tofauti ya jinsi ya kuitumia, na hakuna kitu kingine nilichomwandikia, kwa sababu nyumba ni yenu. Hili la nani ale nini siwezi kulisema nikiwa Kariakoo. Nakuomba tu ulijue: paja ni dawa yako kama vidonge vilivyo dawa yako. Nami nisamehe kwa barua ya Juni.

Leticia


Mbinga
18 Agosti 2024

Mwanangu Leticia,

Marahaba, na barua ya Juni imeshatoka chini ya godoro, usiifikirie. Kaa vizuri nikusimulie, hii nimeiandika kwa siku nyingi.

Mashine ilifika salama. Mjomba wako alitembea nayo kama saa mpya ya mkononi, kila jirani akaonyeshwa. Sikumwambia lolote jingine. Mtu anasemaje na mumewe baada ya miaka thelathini na kitu, kwamba nataka paja? Litakuwa dogo mno kulisema na kubwa mno kulimeza. Tukapima, ikawa juu, naye akaisoma kwa sauti ile ya msomaji wa kanisani.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja wifi yangu Angela na wajukuu zake, mmoja alikuwa na komunio ya kwanza. Unamjua wifi Angela. Ndiye mkubwa wao, na ndiye aliyenipokea hapa nikiwa mwali na kunionyesha chungu kinakaaje. Tulichinja majogoo wawili. Wanaume wakapelekewa sebuleni. Sisi wanawake na watoto tukakaa jikoni na sinia letu, na kwa kuwa majogoo walikuwa wawili, katika bakuli letu lilibaki paja moja. Nililiona kwa harufu, maana macho hayakulipata. Wote wakaanza kukata matonge. Paja limekaa pale katikati, kila mtu anajifanya halipo.

Leticia, nilinyoosha mkono nikalichukua.

Sikulipasua kuwagawia. Nililila lote. Nilikula polepole, nikafuata na mboga za majani, na ugali nikauacha. Watoto wakaacha kutafuna. Mmoja akamwuliza bibi yake, mbona huyu ameanza na nyama, na hafinywi.

Wifi Angela akasema, "Evarista, njaa gani hiyo mbele ya watoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za madaktari na za tumbo lako lenye mlinzi. Vyote vikapotea. Nikamwambia, "Wananiambia umezeeka, wifi. Nataka Septemba nikajionee mwenyewe."

Sikumwona uso. Nilimsikia anapumua. Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema nisije nikafunguliwa macho kwa ajili ya kumtukana. Lakini alikuwa ameshaelewa. Akauliza ni dawa? Nikasema ni dawa. Akauliza ni lazima iwe kabla ya ugali? Nikasema ni lazima. Nikasikia mkono wake kwenye bakuli, akatoa kipapatio chake akakitia mdomoni kabla ya tonge, akatafuna kama mtu anayeonja mboga ya ugenini. Akasema, "Haileti adabu, ila tamu." Watoto wote wakarukia nyama. Hapo nilimfinya mmoja. Yeye hana sukari.

Sasa sikia la mjomba wako. Habari zilimfikia sebuleni kabla hatujanawa mikono. Jumapili iliyofuata alichinja jogoo mwenyewe, nikadhani ana mgeni. Nikasikia ameketi jikoni na kisu, anakata. Mwanamume huyu hajawahi kukata kuku tangu anioe, hajui kiungo kiko wapi. Alimpiga yule jogoo kama anapasua kuni, mifupa ikaruka mpaka kwenye majivu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mahali paja linapoanzia. Nikamshika mkono nikauweka penyewe.

Nilipopakua, aliuchukua mwiko akanitilia mwenyewe. Mapaja yote mawili, na mifupa iliyovunjika ndani yake kama misumari. Nikamwambia moja linatosha, jingine ni lake. Akasema lake la nini na yeye ana firigisi.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyo. Kuku Jumapili na Jumatano, siku nyingine mayai, dagaa au maharage, vyote kabla ya ugali, na ugali ni wa kujaza kiganja. Vidonge sijakosa hata kimoja. Mara moja nilichelewesha chakula jasho likanitoka nikajikuta nimekaa chini, nesi akanikumbusha yale ya kuanguka, tangu hapo nakula kwa wakati. Jana mjomba wako alisoma tisa. Akaenda akaisoma tena nje kwenye mwanga, akarudi akasema bado ni tisa.

Septemba tarehe kumi na sita wanakuja.

Evarista


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mjomba Theophil apokee ya kwake mara mbili.

Barua yako nilimsomea Bibi Lalita yote, hata mahali pa mifupa, ingawa niliogopa kumletea kuku ndani ya nyumba kwa maneno. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza ni mwanamume wa umri gani huyo. Nikamwambia. Akasema Natvarlal wake, marehemu, hakuwahi kumenya hata kitunguu, kisha akanituma nikaangalie kama maji yamechemka.

Sina cha kukufundisha tena. Nimekaa mwaka huu nikidhani la ajabu ni lile tone kwenye kidole. Bado ni la ajabu. Lakini ule mkono wako ulionyooka gizani kwenye bakuli, mbele ya wifi Angela na watoto wote, huo nashindwa kuuchora ubaoni.

Nitakuwa naomba tarehe kumi na sita, kuanzia asubuhi. Shule wanajua nitatoa mazoezi siku hiyo, siwezi kusimama.

Leticia


Mbinga
29 Septemba 2024

Mwanangu Leticia,

Marahaba. Unaona mistari? Rula nimeiweka pembeni.

Walinipima asubuhi, nane. Daktari akauliza nimetumia dawa gani mpya, nikamwambia paja, akafikiri sijamsikia. Wamefanya jicho la kulia, la kushoto wamesema Februari, nikiendelea hivi. Bandeji ilitolewa kesho yake. Mtu wa kwanza niliyemwona ni daktari mwenyewe, na kola ya koti lake jeupe imeshonwa kwa uzi wa aina mbili. Nikamwambia anipe nimrekebishie. Alicheka, akamwita nesi, akasema huyu anaona.

Sikujua kama mambo yana kingo kali hivi. Majani yana meno pembeni, nilikuwa nimesahau. Mikono yangu imekuwa ya mama yangu. Wifi Angela amezeeka kweli, nimemwambia, na yeye amenirudishia.

Ila nataka nikuambie la mjomba wako. Alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi ananisubiri, amevaa shati la kijani. Nilikitambua kitambaa. Nilimshonea kwa ajili ya Pasaka, nikifuata mshono kwa vidole, nikamwambia hilo ndilo shati langu zuri kuliko yote. Leticia, mfuko umekaa upande kama umelewa. Mkono mmoja unamfika kwenye vidole, wa pili unaishia juu ya saa. Vifungo vimepishana na matundu yake. Amelivaa kanisani kila Jumapili tangu Machi, amesimama mbele ya watu wote akasoma somo, na hajaniambia neno.

Nimemwambia alivue nikalifumue nishone upya, sasa naona. Amekataa.

Shangazi yako,
Evarista